Percy Julian: Mkemia aliyenyimwa nafasi ya uzamifu kwao akaipata Vienna

MWAKA 1923 Percy Lavon Julian alihitimu shahada ya uzamili katika kemia kwenye Chuo Kikuu cha Harvard, mojawapo ya vyuo vinavyosifika zaidi nchini Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 24, na matokeo yake yalimweka miongoni mwa wanafunzi bora wa darasa lake. Hatua iliyosalia ilikuwa kusomea uzamifu, shahada inayomfanya msomi aitwe daktari wa taaluma yake.

Enzi hizo mwanafunzi wa uzamifu asiye na mali alijikimu kwa kuwafunza wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kuwasimamia katika maabara. Julian alinyimwa kazi hiyo. Hofu iliyotajwa ni kwamba wanafunzi weupe kutoka majimbo ya Kusini wangekataa kufunzwa na mtu mweusi. Bila kazi hapakuwa na karo, na bila karo hapakuwa na uzamifu. Alisalia chuoni hapo miaka michache akifanya vibarua vya utafiti, kisha akaondoka bila shahada aliyoitamani.

Ilimbidi asubiri hadi 1931 ndipo aitwe daktari, tena ng’ambo ya bahari ya Atlantiki, katika nchi inayozungumza Kijerumani. Hata hivyo, alichorudi nacho kutoka huko kilikuwa kikubwa kuliko cheti. Kilikuwa ni ufundi wa kuuchukua mmea, kuusaga, na kutoa humo dutu moja safi kati ya mamia yaliyochangamana. Ufundi huo ndio uliomvusha kutoka tawi moja la kemia hadi jingine: kutoka sumu za mimea hadi dawa ya macho, kisha protini za viwandani, na hatimaye homoni.

Julian alizaliwa tarehe 11 Aprili 1899 mjini Montgomery, katika jimbo la Alabama. Babaye, James, alikuwa karani wa barua katika reli, na mamaye, Elizabeth, alikuwa mwalimu. Vizazi viwili nyuma, jamaa zake walikuwa watumwa. Katika familia hiyo ilisimuliwa kuwa babu yake alikatwa vidole viwili kwa kosa la kujifunza kuandika. Si ajabu basi kwamba wazazi wake waliichukulia elimu kama jambo la kufa na kupona, na watoto wao wote sita walifika chuoni.

Kufika huko hakukuwa rahisi. Mjini Montgomery hapakuwa na shule ya upili ya umma kwa ajili ya watoto weusi. Julian alisomea katika chuo cha ualimu cha watu weusi, na mwaka 1916 akajiunga na Chuo Kikuu cha DePauw katika mji mdogo wa Greencastle, jimbo la Indiana. Alipofika aligundua kuwa elimu aliyopewa kwao haikutosha hata kidogo. Akalazimika kusoma masomo ya shule ya upili sambamba na yale ya chuo, huku akilala katika dari ya nyumba ya wanafunzi weupe, akiwahudumia mezani na kuchochea tanuri lililopasha nyumba yao joto.

Miaka minne baadaye, mwaka 1920, ndiye aliyeongoza darasa lake lote.

Mwalimu wake wa kemia, William Blanchard, alituma barua kwa vyuo mbalimbali akiuliza kama vingempokea kijana huyo asomee uzamifu. Majibu yalivunja moyo. Vyuo vilishauri asijisumbue, kwani hata akiipata shahada hiyo hapangekuwa na chuo wala kiwanda cha kumwajiri mtu mweusi. Yafaa kukumbuka kuwa mtu mweusi wa kwanza kutunukiwa uzamifu wa kemia nchini Marekani, St. Elmo Brady, alikuwa ameupata mwaka 1916 tu, katika Chuo Kikuu cha Illinois. Julian alienda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Fisk mjini Nashville, na miaka miwili baadaye akapata ufadhili wa kwenda Harvard, ambako mambo yalimwendea kama tulivyoona.

Baada ya Harvard alifundisha West Virginia, kisha katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington. Mwaka 1929 alipata ufadhili kutoka kwa wakfu wa familia ya Rockefeller, na akachagua Vienna, mji mkuu wa Austria.

Uamuzi huo haukuwa wa kubahatisha. Wakati huo Kijerumani ndicho kilichokuwa lugha kuu ya kemia, na yeye aliimudu. Zaidi ya hayo, katika Chuo Kikuu cha Vienna alikuwapo Ernst Späth, profesa aliyekuwa ameunda meskalini katika maabara mwaka 1919. Meskalini ni dutu inayopatikana katika aina fulani za dungusi. Ilikuwa mojawapo ya kundi la kemikali ziitwazo alkaloidi, ambazo mimea huzitengeneza na ambazo aghalabu huwa na nguvu nyingi mwilini hata kwa kiasi kidogo mno. Kwinini, mofini, nikotini na kafeini zote ni alkaloidi.

Mmea aliopewa Julian kuuchunguza ni Corydalis cava, mmea mdogo unaochanua katika misitu ya Ulaya baridi inapokwisha na ambao kiazi chake kina uwazi ndani. Kiazi hicho kimejaa alkaloidi za aina kadhaa zinazofanana sana. Kazi ya mtafiti ilikuwa kuzitenganisha, kuisafisha kila moja hadi igeuke fuwele, kisha kutambua jinsi atomu zake zilivyopangika.

Msomaji asidhani kuwa ni kazi nyepesi. Siku hizi mashine huweza kuonyesha umbo la molekuli kwa muda wa saa chache. Mnamo 1930 mkemia alitegemea asidi, alkoholi, mizani, kipimajoto na subira. Aliivunja molekuli vipande vipande kwa kemikali alizozijua, akavitambua vile vipande, kisha akakisia jinsi vilivyoungana kabla ya kuvunjwa. Ushahidi wa mwisho ulikuwa kuiunda upya dutu ile ile kutokana na kemikali za kawaida na kuonyesha kuwa haina tofauti na ile ya mmea. Hapo ndipo matawi mawili ya kemia yalipokutana mikononi mwa mtu mmoja: uchambuzi unaobomoa, na uundaji unaojenga.

Vienna ilimpa pia jambo ambalo hakuwa amelionja kwao. Aliketi na wenzake weupe mezani, akaenda nao kwenye maonyesho ya opera, na hakuna aliyemzuia mlangoni. Mwaka 1931 alitunukiwa uzamifu. Alirejea Howard akiandamana na rafiki yake wa maabara, mkemia wa Austria Josef Pikl.

Sura iliyofuata haina utukufu wowote. Julian alikuwa na maneno makali, na barua alizokuwa amewaandikia rafiki zake kutoka Vienna, ambamo aliwabeza wenzake na kusimulia starehe zake, zilifikishwa kwa wahariri na kuchapishwa gazetini mwaka 1932. Isitoshe, alishutumiwa kuwa na uhusiano na mke wa mwenzake wa kazi. Alijiuzulu. Mwanamke huyo, Anna Roselle Johnson, walioana naye tarehe 24 Desemba 1935, na mwaka 1937 yeye mwenyewe akatunukiwa uzamifu wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Aliyemwokoa ni yule yule Blanchard, ambaye sasa alikuwa mkuu wa kitivo huko DePauw. Alimtafutia nafasi ya utafiti, si ya uprofesa. Kwa hivyo mwanasayansi aliyefunzwa na mabingwa wa Ulaya alijikuta katika maabara ya chuo kidogo kisichotoa shahada za juu, bila pesa nyingi na bila wanafunzi wa uzamifu wa kumsaidia. Wasaidizi wake walikuwa Pikl na vijana waliokuwa wangali wanasomea shahada ya kwanza. Ilikuwa lazima afanye jambo litakalosikika ulimwenguni, au asahaulike.

Alichagua fisostigmini.

Hii ni alkaloidi inayotoka katika mbegu za mtambaa mmoja wa Afrika Magharibi, zijulikanazo kama maharagwe ya Calabar. Miongoni mwa Waefiki, katika eneo ambalo leo ni kusini mashariki mwa Nigeria, mbegu hizo zilitumiwa kama kiapo. Mshukiwa wa uchawi alipewa azinywe: akifa amepatikana na hatia, akitapika na kupona hana kosa. Madaktari wa Uingereza walizichukua mbegu hizo katika karne ya 19 na wakagundua kuwa dutu iliyomo, ikitiwa jichoni kwa kiasi kidogo, huisinyaza mboni. Hali hiyo husaidia majimaji ya jicho kutoka na hivyo kuipunguza presha ya macho, maradhi ambayo humpofusha mtu polepole. Dutu yenyewe ilitengwa mwaka 1864, na mpangilio wa atomu zake ukaelezwa mwaka 1925. Lakini hakuna aliyekuwa amefaulu kuiunda.

Mashindano yalikuwa na Robert Robinson wa Chuo Kikuu cha Oxford, mmoja wa wakemia wakubwa wa karne, ambaye baadaye alitwaa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1947. Robinson na wenzake walichapisha makala kadhaa kuhusu njia ya kuiunda fisostigmini, na wakatangaza kuwa wamefikia dutu iliyobakisha hatua chache tu kukamilisha safari. Julian na Pikl nao walikuwa wameifikia dutu hiyo kwa njia yao. Tatizo ni kwamba ya Greencastle na ya Oxford hazikufanana.

Mmoja alikuwa amekosea. Julian hakungoja. Alichapisha katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani kwamba waliokosea ni wa Oxford. Mtu anaweza kuuona huo kuwa ujasiri au ufidhuli, na huenda ulikuwa vyote viwili. Lililo wazi ni kwamba endapo angekosea, mkemia mweusi asiye na kazi ya kudumu, aliyejiuzulu kwa aibu miaka michache tu awali, hangepata nafasi nyingine.

Jaribio la kuamua lilikuwa sahili. Dutu safi huyeyuka katika kiwango chake maalumu cha joto. Iwapo ile iliyoundwa na ile ya mbegu ni kitu kimoja, zitayeyuka pamoja. Mwaka 1935 ziliyeyuka pamoja, na Oxford ikashindwa na chuo ambacho wakemia wengi hawakukijua.

Ushindi huo haukumpa uprofesa. Wadhamini wa chuo hawakukubali kumteua. Kampuni moja kubwa ya kemikali ilimwajiri Pikl ikamwacha Julian. Taasisi ya utafiti wa karatasi katika mji wa Appleton, jimbo la Wisconsin, ilitaka kumchukua, ila mji huo ulikuwa na sheria ya kale iliyowazuia watu weusi kulala humo. Ndipo kampuni ya rangi ya Glidden ikamwita Chicago mwaka 1936 na kumfanya mkurugenzi wa utafiti katika kitengo chake cha soya. Nafasi ya namna hiyo kwa mtu mweusi ilikuwa nadra mno nchini Marekani wakati huo.

Hapa Julian alihama tawi. Alkaloidi ni molekuli ndogo zenye umbo dhahiri, ilhali protini ni minyororo mirefu inayojikunja na inayoharibika upesi kwa joto na asidi. Hata hivyo kanuni ya Vienna ilikuwa ile ile: toa kitu kimoja safi katika mchanganyiko, tena bila kukiharibu. Kikosi chake kilipata njia ya kuitoa protini ya soya kwa wingi, na protini hiyo ikatumiwa kuipaka karatasi ili ing’ae, badala ya ile ya maziwa iliyokuwa ghali. Protini hiyo pia ndiyo iliyotengenezewa povu la kuzimia mioto ya mafuta, ambalo jeshi la wanamaji la Marekani lililitumia melini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mabaharia walilibandika jina la supu ya maharagwe.

Kazi ya homoni ilianzia palepale kwenye maharagwe ya Calabar. Alipokuwa DePauw, Julian aliwahi kuyaweka kando mafuta ya mbegu hizo, na baada ya muda akakuta fuwele nyeupe zimejitenga. Alizitambua kuwa stigmasteroli, dutu ya mimea iliyo katika jamii ya steroidi. Wakemia wa Ujerumani walikuwa wameonyesha mwaka 1934 kuwa stigmasteroli yaweza kubadilishwa iwe projesteroni, homoni inayoutunza ujauzito. Shida ilikuwa kupata ya kutosha. Mbegu za Calabar hazingefaa kwa viwanda, na kuitoa homoni hiyo katika wanyama kulihitaji maelfu ya nguruwe kwa chembe chache tu za dawa.

Mwaka 1940 maji yaliingia katika tangi moja kubwa la mafuta ya soya kiwandani Chicago. Mafuta yakaharibika na kujaa uji mweupe. Meneja yeyote angehesabu hasara. Julian aliutazama uji ule akakumbuka fuwele za Greencastle: ilikuwa ni stigmasteroli, na kumbe maji ndiyo yaliyoitenganisha na mafuta. Muda si muda Glidden ikawa inatengeneza projesteroni kwa kipimo cha kiwanda, na bei yake ikashuka. Watu hupenda kuliita tukio hilo bahati. Lakini uji mweupe ule ungeweza kumwagwa na mtu yeyote asiyewahi kukaa miaka akizitazama fuwele za mimea.

Mwaka 1949 madaktari wa kliniki ya Mayo walitangaza kuwa kotisoni iliwainua vitandani wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa wamelemaa. Kotisoni ya wakati huo iliundwa kutokana na nyongo ya ng’ombe kwa hatua zaidi ya 30, na ni wachache walioweza kuimudu. Magazeti mengi yamemtaja Julian kuwa mgunduzi wa kotisoni, jambo ambalo si kweli. Alichofanya ni kupata njia nafuu ya kuunda kutokana na soya dutu inayokaribiana nayo sana, iliyopungukiwa na atomu moja tu ya oksijeni mahali maalumu. Atomu hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuiweka. Miaka michache baadaye watafiti wa kampuni nyingine waligundua kuwa kuvu na vijidudu vinaweza kuiweka, na dutu ya Julian ikawa mojawapo ya malighafi za kutengenezea dawa za jamii hiyo.

Mwaka 1950 gazeti la Chicago Sun-Times lilimteua kuwa mkazi bora wa mwaka wa jiji hilo. Mwaka huo huo alinunua nyumba katika kitongoji cha Oak Park, ambako karibu wakazi wote walikuwa weupe. Kabla familia haijahamia, siku ya sikukuu ya Shukrani, wahalifu waliimwagia nyumba hiyo petroli wakijaribu kuiteketeza. Juni 1951 baruti ilirushwa karibu na dirisha la chumba walimolala watoto. Julian aliajiri walinzi, na usiku mwingine alikesha mwenyewe nje akiwa na bunduki, mwanawe mdogo kando yake. Majirani wengi walijitokeza kumuunga mkono, naye hakuhama.

Glidden ilipoamua kujiondoa katika biashara ya steroidi, Julian aliondoka na mwaka 1953 akaanzisha Julian Laboratories nje ya Chicago. Humo aliwaajiri wakemia weusi wengi waliofungiwa milango kwingineko. Kufikia hapo, viazi vikuu vya mwituni kutoka Mexico vilikuwa vimeishinda soya kama chanzo cha steroidi, hivyo akajenga kiwanda Mexico kuvitayarisha. Mwaka 1961 aliiuza kampuni hiyo kwa dola milioni 2.3, fedha ambazo zilimweka miongoni mwa Wamarekani weusi wachache waliokuwa mamilionea.

Alisajili hataza zaidi ya 100. Mwaka 1973 alichaguliwa kujiunga na Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani, akiwa mtu mweusi wa pili baada ya mwanahisabati David Blackwell, na mkemia mweusi wa kwanza. Uteuzi huo ulimfikia akiwa na umri wa miaka 74. Alifariki kwa saratani ya ini tarehe 19 Aprili 1975, siku nane baada ya kutimiza miaka 76.

Chuo cha DePauw, ambacho wadhamini wake hawakumpa uprofesa, kililipa jengo lake la sayansi na hisabati jina lake mwaka 1980. Posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha yake mwaka 1993. Mwaka 1999 Chama cha Kemia cha Marekani kiliiorodhesha kazi ya kuunda fisostigmini, ile iliyofanywa na Mmarekani mmoja, Mwaustria mmoja na kundi la wanafunzi wa shahada ya kwanza, miongoni mwa kumbukumbu za kitaifa za kemia.